Nungunungu Amekataa Kuota Miiba: Kofta na Biskuti Zinapokosea

Jumamosi moja jioni jirani wa ghorofa ya chini alinipandia ngazi na sufuria iliyofunikwa kwa leso. Akaiweka mezani, akafunua, akaniambia, "Dada, sema ukweli. Hizi ni nungunungu ama ni mawe ya kujengea ya Ndarugo?" Nikachukua kofta moja nikaikata kwa kijiko. Rojo la nyanya lilikuwa zuri, nyama imeiva, lakini punje za mchele katikati zilikuwa nyeupe kama chaki, na nilipotafuna zikalia kama mchanga. Alikuwa amefuata maelezo neno kwa neno: moto mdogo, mfuniko juu, dakika 35. Hakukosea popote, ila maelezo yale yaliandikiwa jiko lililo karibu na usawa wa bahari, na lake liko Nairobi.

Tangu siku hiyo ploti nzima inaniletea nungunungu wagonjwa. Wanakuja wa aina mbili. Kuna kofta za nungunungu, yaani nyama ya kusaga iliyochanganywa na mchele mbichi, ikatokoswa kwenye nyanya mpaka punje zikachomoza pande zote kama miiba. Pishi hili lilishika sana Marekani miaka ya 1930, uchumi ulipoanguka na nyama ikawa ya kuhesabu vipande. Mchele ulifanya nyama kidogo ishibishe watu wengi. Mtu anayenunua nyama Nairobi mwisho wa mwezi haelezwi zaidi ya hapo. Halafu kuna biskuti. Nyingine za umbo la kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba, zenye pua iliyochongoka na mgongo wa chokoleti uliopakwa njugu, na nyingine za tende zilizoviringishwa kwenye nazi mpaka zikawa na manyoya ya kusimama.

Watu huzitibu zote kwa dawa moja, na hapo ndipo wanapopotea. Kofta huota miiba, biskuti hubandikwa. Kwenye kofta, nyama ikipata moto inanywea na kutoa maji, na mchele ulio ndani unayanywa maji hayo pamoja na ya rojo, unarefuka. Kimoja kinarudi nyuma, kingine kinakwenda mbele. Mwiba ni ile tofauti yao. Kwa hiyo kofta ikikosea, tafuta maji na moto. Biskuti haina cha kuota. Umbo ulilolifinyanga ndilo unalotaka litoke ovenini, na adui wake ni mafuta yanayoyeyuka mapema. Biskuti ikikosea, tafuta ubaridi.

Vipimo ninavyovitumia kama msingi wa kofta ni hivi: nusu kilo ya nyama ya kusaga, nusu kikombe cha mchele mbichi (kama gramu 100), yai moja, kitunguu kimoja cha wastani, kijiko kidogo cha chumvi, kitunguu saumu na dania kadiri ya mkono wako. Rojo liwe vikombe viwili na juu yake kikombe kizima cha maji. Kama vyako viko mbali sana na hivi, anza kwa kuvisogeza kabla ya kulaumu kitu kingine.

Mchele umebaki mgumu ndani

Hili ndilo linaloongoza, na hapa mjini sababu ya kwanza ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Yakishachemka, hata ukifungua meko mpaka mwisho, hayapandi tena. Unachoongeza ni mvuke na gharama ya gesi. Mchele ambao Mombasa ungeiva kwa dakika 35, hapa unataka 45 hadi 50. Walio Limuru, ambako maji huchemka karibu na nyuzi 93, waongeze tena kidogo. Ndiyo maana dada yangu aliyeolewa Kisauni, Mombasa, anatucheka, na akija huku likizo maharagwe yanamgeuka.

Sababu ya pili ni rojo zito. Mtu amekaanga nyanya vizuri, ameongeza nyanya ya mkebe, rojo limekuwa kama la kupaka kwenye mkate, kisha anategemea mchele uivie humo. Mchele unakunywa maji, na rojo zito halina maji ya kuazimisha. Hata asidi ya nyanya inachelewesha mambo, jinsi inavyochelewesha maharagwe ukiitia mapema. Rojo la kuanzia liwe jepesi kama supu. Litajikaza lenyewe kofta zikiendelea kunywa.

Ya tatu ni ukubwa. Kofta ikizidi ndimu ndogo, yaani upana wa sentimita nne hivi, joto linafika katikati likiwa limechoka. Na kama umenunua ule mchele uliochemshwa kidogo kiwandani kabla ya kukobolewa, wenye rangi ya manjano kwa mbali, ujue huo huchukua muda zaidi kuiva.

Kinga yangu ni kuloweka mchele dakika 20 kwenye maji baridi, kisha kuuchuja mpaka hautoi tone. Usiulaze usiku kucha, utakatikakatika ukichanganya. Mwenye sufuria ya presha amepona kabisa, kwa sababu ndani yake maji hupita nyuzi 100 hata huku juu. Mimi huziacha dakika 18 tangu presha ishike, kisha nazima na kuiacha itulie yenyewe dakika 10. Ukiitoa presha kwa pupa, rojo linachemka ghafla na kofta zinapasuka.

Na kama zimeshaharibika, kama za jirani? Tulimimina kikombe cha maji yanayochemka pembeni mwa sufuria. Maji baridi yangekatisha mchemko, na kumwaga juu ya kofta kungezichimba. Tukatandika kitambaa safi chini ya mfuniko ili mvuke usitoroke, ncha zake tukazikunja juu zisishike moto, tukapunguza moto mpaka rojo likawa linatoa mapovu moja moja. Dakika 20 tulikunywa chai bila kufungua. Tulipofunua, punje zilikuwa zimechomoza, ndefu, zimeinama kidogo kama nywele za mtoto aliyetoka kuoga. Jirani akapiga picha kabla ya kupakua.

Kitu kimoja zaidi: ikifika dakika ya 40, toa moja kafara. Ikate katikati. Ukiona kiini cheupe ndani ya punje, funika uendelee. Usikisie kwa kuangalia nje, maana punje za nje huiva kitambo.

Zimeiva vizuri lakini hazina mwiba hata mmoja

Hapa naanza na swali: ulitumia mchele gani? Mara tatu kati ya nne jibu linamaliza kesi.

Kama ulitumia wali wa jana, hakuna cha kungoja. Punje ile imesharefuka jana. Leo itavimba tu na kupasuka, upate kofta yenye madoa meupe. Lazima mchele uwe mbichi. Ukitumia mchele uliovunjikavunjika, ule wa bei ya chini, utapata vinundu badala ya miiba. Unaotakiwa ni mrefu na mwembamba, na hapa Kenya hakuna unaoushinda pishori. Pishori ya Mwea ni basmati, ile iitwayo Basmati 370, na tabia ya basmati ni kurefuka kwenda mbele bila kunenepa sana. Punje nzuri hukaribia kuwa mara mbili ya urefu wake. Mchele wa sindano, pamoja na jina lake, hauchomi sana. Unafaa, lakini miiba yake ni mifupi.

Tatizo ni kwamba pishori nyingi inayouzwa mjini imechanganywa. Mimina kiganjani uangalie: punje zilingane urefu, na harufu uipate kabla hujainamisha pua. Ukiona nyingine fupi na nene katikati ya nyembamba, umeuziwa mseto. Kwa pilau utasamehe, lakini kwa nungunungu utauona mseto huo mbele ya wageni.

Kama mchele ni mzuri na bado kofta ni vipara, angalia mikono yako. Watu wengine huviringisha kofta kama wanatengeneza mpira wa kuchezea ukutani. Nyama ikishikamana kupita kiasi, punje haina pa kupenyea. Lowesha viganja kwa maji baridi, chota, viringisha mara tano au sita kwa wepesi, weka chini.

Halafu kuna kukaanga kwanza. Najua kofta iliyokaangwa ni tamu zaidi, sibishani. Lakini mafuta ya moto yanaikausha nyama ya nje ikawa ganda, na punje zilizo usoni zinakakamaa kabla hazijapata maji. Zangu nilizokaanga zote zilitoka vipara. Ukitaka ladha ya kukaanga, kaanga vitunguu na viungo vya rojo mpaka viwe kahawia, kofta zenyewe zitie mbichi.

Sababu ya mwisho ni rojo kuzizamisha. Miiba imo, ila imelala chini ya rojo. Sufuria iwe pana, kofta zikae safu moja, rojo lifike nusu ya kimo chake au juu kidogo. Sehemu ya juu itaiva kwa mvuke, na miiba ya juu ndiyo itakayosimama. Hii ndiyo sababu mfuniko usiobana unaharibu kazi: mvuke ukitoka, migongo inakauka na punje zinabaki ngumu juu na laini chini.

Kwa anayetaka miiba ya kuapia, kuna njia ya Wachina. Mkoani Hubei wana kofta ambazo mchele hauchanganywi na nyama. Unalowekwa, kofta inaviringishwa juu yake mpaka ivae mchele mwili mzima, kisha inapikwa kwa mvuke mtupu. Wao hutumia mchele wa kunata. Mimi nimetumia pishori iliyolowekwa saa nzima, kwenye chungio lililowekwa juu ya sufuria ya maji, nikafunika. Kofta zilitoka kama zimetishwa. Punje chache zilidondoka, lakini hiyo ni kodi ndogo.

Zimesambaratika, sasa ni mchuzi wa kima

Uliza zilisambaratika saa ngapi. Zikivunjika dakika tano za kwanza, kosa lilikuwa kwenye bakuli. Zikivunjika mwishoni, kosa ni mchele au mwiko.

Za mapema mara nyingi zina maji mengi. Kitunguu kilichokunwa kinatoa maji kama kimekasirika. Kikamue kwa kitambaa, na hayo maji yatie kwenye rojo, usiyamwage. Nyama iliyotoka friza ikayeyuka pia inavuja, kwa hiyo ichuje. Na tafadhali, usioshe nyama baada ya kusagwa. Najua tumelelewa kuosha kila kitu, lakini kima iliyooshwa inalegea na hairudi. Kama moyo wako hautulii bila kuosha, nunua kipande kizima, kioshe, kipanguse, ndipo umpe wa bucha akisage ukimwona.

Chumvi nayo ina kazi ambayo wengi hawaijui. Siyo ladha tu. Ukiichanganya na nyama peke yake kwanza, kabla ya yai na mchele, na ukakanda dakika moja hivi, nyama inaanza kunata vidoleni. Chumvi inatoa protini za nyama, na hizo ndizo gundi yako halisi. Yai linasaidia, chenga za mkate zinasaidia, lakini nyama isiyo na chumvi haitashikana hata ukivunja mayai matatu. Kanda ikiwa baridi kutoka friji. Mafuta yakishaanza kuyeyuka mkononi gundi inateleza.

Kisha moto. Rojo likiwa linaruka, kofta zinagongana kama abiria wa matatu iliyofunga breki. Liache lichemke kwanza, punguza, ndipo uzipange moja moja, na usiziguse dakika 10 za mwanzo. Zikitaka kugeuzwa, tikisa sufuria.

Za mwishoni ni hesabu. Mchele ukizidi nusu kikombe kwa nusu kilo, unapovimba unaisukuma nyama mpaka inaachana. Mtu anataka miiba mingi, anaongeza mchele, anapata uji wa nyama. Kikombe kimoja kwa nusu kilo ni tamaa.

Zimekakamaa kama mpira

Nyama haikuwa na mafuta, au umekanda mno baada ya kila kitu kuingia. Mwambie wa bucha asiondoe mafuta yote. Sehemu moja ya mafuta kwa tano au sita za nyama inatosha. Ukiwa huna hakika, vijiko viwili vya maziwa na kipande cha mkate kilicholowekwa humo vitalainisha. Ukikuta mafuta yanaelea juu ya rojo baadaye, yaengue kwa kijiko, hakuna hasara.

Rojo limeshika chini

Sufuria nyembamba, moto mkali. Hamisha kofta na rojo la juu kwenye sufuria nyingine bila kukwangua. Harufu ya kuungua iko chini, iache huko.

Zimebaki, je, kesho?

Mchele uliopikwa si wa kulazwa mezani. Una bakteria ambao mbegu zao huvumilia kuchemshwa, na chakula kikikaa vuguvugu huzaliana na kuacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Zitandaze kwenye sahani pana zipoe, ziingie friji ndani ya saa mbili, na kesho zichemke kabisa, si kuota joto tu. Na kama unacho kipimajoto cha jikoni, siku ya kwanza katikati ya kofta pafike angalau nyuzi 71. Utaona rojo la jana limekauka. Mchele uliendelea kunywa usiku. Ongeza maji.

Sasa biskuti. Pua ya kalunguyeye imelala

Kalunguyeye wa kweli, yule anayeingia bustanini usiku na kujikunja ukimgusa, ana pua ndefu. Biskuti ikipoteza pua inakuwa kiazi kilichopakwa chokoleti, na watoto hawana huruma, watakuuliza, "Hiki ni nini, shangazi?"

Donge ninalolitumia ni la tatu-mbili-moja: gramu 240 za unga, 160 za siagi, 80 za sukari laini. Hakuna yai, hakuna beking pauda. Hilo la beking pauda lishike. Umbo linapotea kwa sababu ya hewa inayopanuka, na huku juu hewa ni nyepesi, gesi inapanuka zaidi kuliko pwani. Angalia pia pakiti ya unga: kuna unga uliotiwa beking pauda tayari kiwandani. Mtu anaapa hakuweka kitu, kumbe kiliwekwa kabla hajaununua.

Kama hukuweka, basi ni mafuta. Siagi iliyokuwa laini kama ya kupaka, donge likaenda moja kwa moja ovenini, inayeyuka kabla unga haujashika umbo. Chonga makalunguyeye wako, wapange kwenye sinia, wasukume friji nusu saa. Mwezi wa Julai, wakati Nairobi inatetemeka, hata dirishani kwenye upepo panatosha. Februari friji ni lazima. Majarini ya kupaka ina maji mengi kuliko siagi, na ile laini ya kopo inatambaa zaidi. Ukiitumia, ongeza vijiko viwili vya unga na uiache friji saa nzima.

Oveni nayo iwe imeshapata moto. Ninawasha dakika 15 kabla, nyuzi 180, na kwa biskuti zenye umbo huwa napandisha kidogo hadi 190 kwa dakika tano za mwanzo ili zishike, kisha nashusha. Sukari ikizidi pia hutambaza. Huku juu maji yanakauka haraka, na sukari iliyobaki inakuwa kama sharubati iliyokolea. Ukiona maelezo ya nje yana sukari nyingi, punguza kijiko kimoja kikubwa kwa kila kikombe.

Kuna namna nyingine ya miiba, ya kukata kwa mkasi: unashika mkasi mdogo safi, unachoma donge mgongoni kwa mshazari, unanyanyua kincha, safu baada ya safu. Ikiwa miiba hiyo inajifunga tena, donge lina joto au mkasi umenata. Chovya ncha za mkasi kwenye unga kila baada ya safu moja, na anza upande wa mkia ukielekea kichwani. Ukianza kichwani mkono wako unalaza ile uliyokwisha kuisimamisha. Nililijua hili baada ya makalunguyeye kumi na wawili.

Chokoleti imeganda ghafla kama ugali

Tone moja la maji. Mvuke kutoka sufuria ya chini, kijiko kilichooshwa hakikukaushwa, bakuli lenye unyevu. Chokoleti iliyoyeyuka ikipata maji kidogo inakakamaa na kuwa chengachenga. Kwa kupaka mgongo wa biskuti, hiyo imeshakufa. Usiitupe: ongeza maziwa ya moto kijiko kwa kijiko ukikoroga mpaka ilainike, iwe ya kunywa au ya kumwagia keki. Yeyusha nyingine kwenye bakuli kavu, bakuli lisiguse maji ya chini, moto uwe umezimwa.

Chokoleti imetoka madoa ya kijivu

Haijaoza. Mafuta ya kakao yamepanda juu kwa sababu ilipata moto mno kisha ikapoa ovyo, au ilitoka friji ikapata jasho na sukari ikayeyuka usoni. Mafuta ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34, kwa hiyo haihitaji moto mkali. Theluthi mbili ziyeyushe, theluthi iliyobaki ikatekate utie humo ukikoroga mpaka ipoe. Kama hili linakuchosha, kuna chokoleti ya kupikia iliyotengenezwa kwa mafuta mengine ya mimea. Haina ladha ile, lakini inaganda bila madaha, na mgongo wa kalunguyeye una njugu nyingi za kuficha. Njugu zenyewe zikaange na kuzipoza kabla ya kubandika. Za moto zinayeyusha, mbichi zinalegea siku ya pili.

Miiba ya nazi imeungua, ndani bado bichi

Biskuti za tende ni rahisi: tende zilizotolewa kokwa na kukatwakatwa, korosho au njugu, yai, sukari kidogo, kisha zinaviringishwa kwenye nazi. Kinachosumbua ni nazi yenyewe. Nyuzi za nazi ni nyembamba, na kwa joto la nyuzi 180 zinakuwa kahawia kabla yai halijashika. Shusha hadi 160, safu ya katikati, na zikishapata rangi ya dhahabu zifunike kwa karatasi ya foili.

Nazi mbichi iliyokunwa kwa mbuzi nyumbani ina maji mengi na inazilowesha biskuti. Ikaange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukigeuza bila kuacha, mpaka isikike nyepesi mkononi. Haifai kupata rangi. Na nakuomba, usitumie machicha. Najua inauma kutupa machicha baada ya kukamua tui, lakini mafuta na utamu vimeshaondoka na tui. Utapata miiba mizuri ya kuangalia, yenye ladha ya kamba.

Zikilala bapa, tende zilikuwa laini sana, zile za kuyeyuka mdomoni zinazojaa madukani Ramadhani. Hizo kula zenyewe. Kwa biskuti nunua zilizokauka kidogo, au ongeza njugu zilizosagwa mpaka donge lisimame likiwekwa. Likinata mikononi, maji baridi viganjani, si unga.

Chini nyeusi, juu nyeupe

Oveni nyingi za gesi huwaka chini tu. Weka sinia juu ya sinia, au panda safu moja. Anayeoka kwa jiko la makaa, kwenye sufuria kubwa yenye mchanga chini, anajua tatizo lile lile: moto wote uko chini. Punguza makaa ya chini yabaki machache, mengi yahamie juu ya mfuniko, na biskuti ziinuliwe kwa mawe matatu madogo zisiguse mchanga. Za kwanza mbili ni za kujaribia.

Macho yameanguka

Uliyabandika chokoleti ikiwa imeshaganda. Chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye chokoleti ya moto, gusa mahali pa jicho, na uweke tone dogo tu badala ya kutafuta punje ya kubandika. Tone linakuwa jicho lenyewe. Usitumie pilipili manga nzima kwa macho. Inapendeza, lakini mtoto wa jirani yangu aliitafuna moja na bado ananiangalia kwa mashaka.